Kamba ya Saa Nne: Shajara ya Kitabu cha Kipunji

Jumatatu, 3 Februari

Leo tumeanza rasmi. Tupo wanne: Dada, mchoraji wetu, Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili shule za msingi na sasa ndiye mhariri, Dogo, anayepanga kurasa kwenye kompyuta, na mimi, ninayeandika matini na kushika kaunta buku la mradi. Chumba chetu kiko ghorofani hapa Mwanjelwa, juu ya duka la vifaa vya shule. Dirisha moja linatazama barabara kuu, la pili linatazama Loleza. Asubuhi hii mlima ulikuwa umefunikwa ukungu mpaka chini.

Kazi yenyewe ni kitabu cha picha cha watoto wa darasa la pili na la tatu, kinachomhusu kima anayeitwa kipunji. Kurasa 32. Kitabu cha kubana pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi hutoa kurasa nne. Karatasi nane zinatutosha, hakuna ukurasa utakaobaki mtupu. Maneno yasizidi 40 kwa ukurasa. Tumejipa wiki kumi.

Nimemchagua kipunji kwa sababu mtoto wa Mbeya atakutajia simba, tembo na twiga ambao hajawahi kuwatia machoni, lakini hajui kwamba kwenye msitu wa Mlima Rungwe, safari ya asubuhi moja kwa koste kutoka hapa, anaishi mnyama asiyepatikana popote nje ya Tanzania. Watafiti walimgundua Rungwe mwaka 2003. Mwaka uliofuata timu nyingine, ambayo haikuwa na habari za ile ya kwanza, ikamkuta Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu wa sayansi, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake pekee la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika baada ya miaka 83. Ila jina kipunji halikutoka maabara. Wawindaji wa Rungwe walikuwa nalo tangu zamani, na watafiti walianza kumtafuta baada ya kukaa na wanavijiji na kusikiliza simulizi zao. Hapo ndipo ninapotaka hadithi yetu ianzie.

Shajara hii nitaandika kurasa zilizokamilika, ila zaidi nitaandika tunavyofanya kazi. Mradi wetu uliopita, kalenda ya ukutani, ulitoka vizuri machoni pa watu, lakini sisi tuliumaliza tukiwa hatusalimiani kwa moyo mweupe. Sitaki tufike huko tena.

Alhamisi, 6 Februari

Simu. Ikilia moja, tunageuka wote wanne. Jana nilihesabu: kati ya saa mbili na saa nne nilisimama mara kumi na moja, na aya niliyokuwa naiandika ikabaki na sentensi mbili. Leo nimekuja na kapu la milulu nililonunua Iringa mwaka juzi, nikaliweka juu ya kabati karibu na mlango. Saa mbili kamili simu zote zinaingia humo, saa nne wakati wa chai zinatoka. Mama yake Dogo anaumwa huko Tukuyu, kwa hiyo simu yake imetegeshwa ilie kwa namba ya nyumbani tu. Hilo tulikubaliana bila mjadala.

Nilidhani kelele za barabarani zingetushinda, maana makondakta hapa chini wanaita Uyole na Igawilo kuanzia alfajiri. Hazikutusumbua. Kondakta hamwiti mtu kwa jina lake.

Ndani ya saa hizo mbili nimeandika kurasa tatu.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu amenirudishia matini ya kurasa kumi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika "kipunji kinaruka".

"Mwanangu, kiboko kinaogelea au anaogelea?"

"Anaogelea, Mwalimu."

"Basi."

Hiyo ki- iko kwenye jina tu. Mnyama ana uhai, na upatanisho unakwenda a-wa. Kipunji anaruka, vipunji wanaruka, kama tunavyosema kifaru na vifaru. Nilijua kanuni hiyo tangu shule, ila neno likiwa geni mkononi, kalamu inateleza.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Niliandika "nyani wa ajabu", Mwalimu akanizuia. Nyani ni yule mkubwa anayetembea chini na kuvamia mahindi ya watu. Tumbili ni mwingine. Mbega, mwenye manyoya marefu meupe, ni mwingine tena. Mtoto wa kijijini anawajua wote hao, na ukimwambia nyani atamchora nyani kichwani mwake na kitabu kitakuwa kimempoteza tangu ukurasa wa kwanza. Tumekata kauli: "kima wa milimani" mara moja pale mwanzo, kisha jina lake mwenyewe mpaka mwisho.

Tumepata pia utaratibu mpya. Hakuna matini itakayopita bila kusomwa kwa sauti, na anayesoma asiwe aliyeiandika. Mwandishi akisoma yake, ulimi unajua njia na hauoni mashimo. Leo Mwalimu alijikwaa kwenye neno "aliyekwishajificha" mara mbili. Nimelifuta. Tulitaka kuendelea, ila mvua ilianza kupiga bati kwa nguvu tukawa hatusikilizani, tukakaa kimya dakika 40 kila mtu na lake.

Michoro inaendelea, nasikia. Dada anachorea nyumbani kwake Isyesye, usiku. Nikimwomba tuone anasema, "Ngoja kaka, bado haijakaa sawa."

Ijumaa, 21 Februari

Tumetoka Kabwe kabla hakujapambazuka, safari ya msitu wa Rungwe. Tukapita Uyole, tukapanda kwenye baridi ya Isongole ambako magunia ya viazi yalikuwa yamepangwa kando ya lami, kisha tukaanza kuteremka upande wa Kiwira na migomba ikaanza. Dada alibeba folda la plastiki, ameliweka ndani ya koti lisilowe. Ndani mna kurasa tisa zilizokamilika, zimetiwa rangi kabisa. Alikuwa na furaha. Alisema atatuonyesha huko huko msituni.

Tulipokamilisha taratibu za kibali tulikabidhiwa kwa baba mmoja wa makamo anayeongoza wageni. Tulimsalimia "Ugonile" kwa Kinyakyusa chetu cha kuokoteza, akacheka, akatupa kila mmoja fimbo ya mwanzi. Njia ilikuwa tope tupu. Baada ya saa mbili hivi alinyanyua mkono tusimame. Tukasikia sauti: fupi, nzito, kama honi iliyochanganyika na kubweka. Matawi ya mbali yakatikisika. Dogo anasema aliona kipande cha mkia. Mimi niliona majani tu, lakini ile sauti ninayo mpaka sasa ninavyoandika.

Tulipopumzika Dada akafungua folda. Baba yule alifuta mikono kwenye koti kabla ya kushika karatasi. Akaangalia ya kwanza. Akaangalia ya pili. Ya tatu aliisogeza karibu na macho, halafu akaisogeza mbali.

"Binti, huyu umemwona wapi?"

"Kwenye intaneti, baba. Kwenye simu."

"Huyu ni ndugu yake. Kipunji kope zake haziwi nyeupe. Uso wake ni mweusi na kope nyeusi vilevile, akifumba macho huoni tofauti." Akachukua fimbo yake, akaishika katikati. "Na mkia, kuanzia hapa kwenda kwenye ncha, unafifia, unakuwa mweupe kama maziwa yaliyoingia moshi. Wewe umeupaka rangi moja wote. Na nywele za hapa juu," akajipitishia kiganja utosini, "zinasimama, tena pana, kama mtu aliyetoka kulala."

Hakusema kwa ubaya hata kidogo. Alirudisha karatasi moja moja kwa mpangilio uleule, akamwambia, "Ila mkono wako unachora." Dada akasema asante, baba. Akafunga folda. Tangu pale mpaka Tukuyu, na Tukuyu mpaka Mbeya, hakusema neno.

Kurasa tisa. Karibu wiki tatu za usiku wake. Nimekaa na kaunta buku hili tangu saa moja nikijiuliza lingezuilika vipi, na kila nikizunguka narudi palepale. Mchoro mmoja wa penseli, ule wa siku ya kwanza, ungewekwa mezani, Mwalimu angeuliza hizo kope nyeupe zimetoka wapi, Dogo angetafuta, na tungejua kabla rangi haijafunguliwa. Mimi ndiye niliyepaswa kuhakikisha anauweka. Niliambiwa "ngoja", nikangoja.

Jumatatu, 24 Februari

Nilifika mapema nikiwa nimepanga maneno, sikuyatumia. Dada alianza mwenyewe.

Alisema kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye ofisi moja ya matangazo mji mwingine. Bosi alikuwa na mazoea ya kuchukua mchoro wa mtu ungali wa penseli, anaunyanyua mbele ya watu wote, anauliza, "Na hii nayo ni nini?" Watu wanacheka. Alikaa pale mwaka mmoja na nusu. Tangu atoke, hajamwonyesha mtu yeyote kitu ambacho hakijakamilika, hata mume wake.

Chumba kilikuwa kimya. Mwalimu akasema polepole, "Wahenga walisema mficha uchi hazai." Akanyamaza kidogo. "Lakini na wakunga nao wawe watu wa kuaminika. Siyo kila mtu unajifungua mbele yake."

Tulizungumza mpaka saa sita. Mwisho Dogo akatoka, akarudi na kamba ya manila mita nne na vibanio vya nguo kumi na viwili. Tumeifunga kutoka msumari wa dirisha mpaka kwenye kabati la kapu, upande wenye mwanga. Kila siku saa nne, kila mmoja wetu anatundika angalau kitu kimoja ambacho hakijakamilika. Wote wanne. Mimi natundika aya yenye mikwaruzo, Mwalimu anatundika karatasi anayohariri, Dogo anatundika ukurasa aliouprinti kwa wino mweusi ukiwa bado umekaa vibaya. Kitu kilichokamilika hakiruhusiwi kwenye kamba. Dada aliuliza mara mbili kama hilo la mwisho ni kweli. Ni kweli.

Alhamisi, 27 Februari

Siku nne za kamba, na sijaridhika.

Kutundika tunatundika. Tatizo ni maneno. "Nzuri." "Iko poa." "Safi sana dada." Tunakunywa chai, tunakula magimbi, tunasifiana, karatasi zinashuka kama zilivyopanda. Nadhani tumeogopa sana kufanana na yule bosi, mpaka hatusemi kitu.

Halafu kuna suala la umri. Dogo ana miaka 24. Mwalimu ana 66. Dogo anaingia asubuhi anaanza na shikamoo. Saa mbili baadaye atasimamaje mbele ya karatasi ya mtu huyohuyo na kusema hapa pamekosewa? Haiwezekani, na mimi sitaki iwezekane kwa kuvunja adabu. Lazima kuwe na mlango mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Mlango tumeupata, na aliyeufungua ni Mwalimu mwenyewe.

Tumeingia kwenye mfungo na Dogo anafunga, kwa hiyo chai imehamia chini kwenye baraza la duka, saa nne na nusu, kwa wasiofunga. Chumbani ikabaki kamba peke yake, hakuna kikombe cha kujifichia. Mwalimu alitundika aya aliyoiandika yeye, ya ukurasa wa sita, kuhusu msitu unavyohifadhi maji. Maneno 38. Akasema, "Leo hakuna anayeruhusiwa kusema nzuri wala mbaya. Kila mtu aseme anachokiona. Tuanze na mdogo."

Dogo akasimama mbele ya karatasi muda mrefu. "Mwalimu, naona neno 'rasilimali'. Naona neno 'vyanzo'. Sioni maji."

Mwalimu akainamisha kichwa, akasoma tena. Akachomoa kalamu mfukoni, akafuta mistari mitatu palepale kwenye kamba, karatasi ikiwa inaning'inia. Akaandika: "Ukungu unagusa majani. Majani yanadondosha matone. Matone yanakuwa kijito." Akamgeukia Dogo. "Sasa unayaona?"

"Nayaona, Mwalimu. Shikamoo."

Sijui kwa nini alisema shikamoo mara ya pili siku hiyo, lakini Mwalimu aliitikia marahaba kwa sauti nzito, na wote tukajua kuna kitu kimekaa mahali pake.

Tangu hapo utaratibu ni huu: kwanza sema unachokiona, kisha uliza swali, na pendekezo lije mwisho, tena kama mwenye kazi amelitaka. Mdogo anaanza, mkubwa anamalizia, kwa sababu mkubwa akishasema hakuna atakayeongeza kitu. Tunazungumzia karatasi, hatuzungumzii mkono ulioichora. Dada ametundika mchoro wa kichwa cha kipunji, penseli tupu, kope nyeusi. Nilisema nachoona ni nywele za utosini zimelala. Akasema ndiyo, bado anazitafuta.

Jumatano, 12 Machi

Umeme umekatika tangu saa tatu kasoro. Zamani siku kama hii tungekaa kwenye ngazi tukingoja. Leo kila mtu alihamia kwenye karatasi. Dogo amepanga kurasa zote 32 kwa mkasi na gundi kwenye vijikaratasi vidogo, akavipanga sakafuni, na hapo ndipo tulipoona kwamba kuanzia ukurasa wa 10 mpaka wa 17 kipunji anatazama kushoto kila mahali. Kwenye skrini, ukurasa mmoja mmoja, lisingeonekana. Mtoto anapofunua kitabu jicho lake linakwenda kulia. Mnyama akimtazama kinyume kurasa nane mfululizo, hadithi inasimama.

Nataka niandike zaidi kuhusu ukurasa wa 14 na 15, maana umekaa kwenye kamba siku tano na tumeutazama ukikua. Ni mama kipunji na mtoto wake kwenye mvua. Siku ya kwanza ulikuwa mistari tu: tawi, mgongo, duara dogo la kichwa cha mtoto. Siku ya pili Dogo aliuliza, "Mvua inatoka upande gani?" Dada akasema hajaamua. Siku ya tatu mvua ilikuwa inatoka kulia, na mama amegeuza mgongo upande huo, na mtoto amehamia kifuani upande mkavu. Mkia wa mama umezunguka tawi kwa nyuma, nusu yake ya mwisho ikiwa imeachwa nyeupe, karatasi tupu bila rangi. Siku ya nne Mwalimu alisoma maneno yangu ya ukurasa huo kwa sauti, maneno 36, nikieleza kwamba mama anampenda mtoto na anamkinga asilowe. Alipomaliza hakuna aliyesema kitu. Niliyaona mwenyewe. Mchoro ulikuwa umeshasema yote, mimi nilikuwa narudia. Leo pana maneno manne: "Mvua inanyesha. Mtoto amelala."

Ingekuwa Dada ameuleta ukiwa umekamilika, ningemsifu na kuyaacha maneno yangu 36 pale pale.

Jumanne, 18 Machi

La haraka. Dogo ametufundisha kitu: kabla ya kufunga kazi saa kumi na nusu anaandika mstari mmoja kwenye karatasi na kuuacha juu ya kibodi, kesho naanzia wapi. "Ukurasa wa 21, sogeza maneno chini ya tawi." Basi. Nimeanza nami. Asubuhi sizunguki tena chumbani nikitafuta pa kuingilia.

Jumamosi, 22 Machi

Tumesoma kitabu kwa watoto 31 wa shule moja ya jirani, kwa ruhusa ya walimu wao. Tulipeleka vivuli vya michoro, vingi bado vya penseli. Mwanzoni Dada aliona aibu. Watoto hawakujali, walifuata vidole vyake.

Walicheka pale tulipotegemea wacheke, na wakaiga ule mlio mpaka darasa la jirani likachungulia. Tulipofika kwenye mzee mwindaji anayewaambia watafiti jina la kipunji, msichana mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Huyo babu alijuaje jina? Alikuwa anamla?"

Nilimtazama Mwalimu, Mwalimu akanitazama mimi. Wiki saba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali hilo. Tulikuwa tumemweka mwindaji kwenye kitabu kama mtu wa kutoa majina tu. Nilimjibu ukweli: ndiyo, watu waliwinda msituni, na kipunji naye aliwindwa, na msitu nao umekatwa sehemu nyingi, ndiyo maana wamebaki wachache. Akauliza wangapi. Nikamwambia hesabu iliyotangazwa na watafiti mwaka 2008 ilikuwa 1,117. Akageuka nyuma kuangalia wenzake, nadhani alikuwa anajaribu kuwalinganisha na watoto wa shule nzima.

Tumerudi ofisini jioni ileile. Ukurasa wa 24 tumeubomoa. Sasa mzee anakaa mlangoni kwake na mjukuu, mtego umening'inia ukutani nyuma yake, na mjukuu anauliza swali la yule msichana, neno kwa neno.

Ijumaa, 4 Aprili

Sampuli ya rangi imetoka mitamboni na moyo umeniruka. Kijani cha msitu, kile ambacho kwenye kompyuta kilikuwa kinang'aa kama majani baada ya mvua, kimetoka kama majani ya chai yaliyokwishachujwa. Dada alishika karatasi, akaketi.

Sababu inaeleweka. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, na mwanga unafika mbali. Mashine ya kuchapa inapakia wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna kijani kinachoonekana kwenye skrini ambacho wino huo haukifikii kabisa. Dogo alikuwa amebadilisha mafaili kwenda rangi za wino siku ya mwisho, kwa mkupuo, programu ikachagua yenyewe kijani cha karibu. Tungebadilisha tangu ukurasa wa kwanza, Dada angechagua rangi akijua mipaka yake.

Angalau tulikuwa tumeomba sampuli ya kurasa nne tu kabla ya kazi nzima. Hilo lilitokana na kamba: kitu chochote kionekane kikiwa kibichi, hata kile cha mitamboni. Tumetundika kurasa hizo nne, na chini yake Dada amebandika vipande vya vijani kumi na viwili alivyovichapisha kwa mashine hiyohiyo, kila kimoja kimeandikwa vipimo vyake vya wino. Kuanzia sasa anachagua kutoka kwenye hivyo, hatazami skrini. Kimoja, chenye njano nyingi na nyeusi kidogo sana, Mwalimu alikiita "kijani cha Isongole saa moja asubuhi". Ndicho tumechukua kwa msitu wa mbali.

Tukiwa hapo tumekagua pia ukingo wa kukatia: rangi izidi milimita 3 nje ya mstari wa kisu pande zote, na picha ziwe nukta 300 kwa inchi. Kurasa mbili zilikuwa pungufu. Na mafaili sasa yanaitwa kwa tarehe na namba ya ukurasa. Lile neno "mwisho" limepigwa marufuku kwenye majina ya mafaili, kwa sababu wiki iliyopita Dogo alipoteza nusu siku akirekebisha faili lisilo lenyewe.

Jumanne, 15 Aprili

Kitabu kimekwenda kuchapwa leo saa tano. Nakala 500 za kwanza. Wiki kumi na siku mbili.

Dogo amehifadhi kila kitu kwenye diski mbili, moja inabaki hapa, nyingine Mwalimu amekwenda nayo kwake. Mimi nimehesabu karatasi zilizopita kwenye kamba, maana sikuitupa hata moja: 163. Za Dada ni 71. Zile kurasa tisa za kwanza nazo nimeziweka humo, yeye mwenyewe aliniambia niziweke.

Nakala zikitoka, ya kwanza inakwenda Rungwe kwa yule baba. Dada amemwandikia ndani, "Ndaga fijo, baba," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na chini yake amechora fimbo ya mwanzi iliyoshikwa katikati.

Mchana nilidhani kila mtu angeondoka mapema. Nilishuka kununua vocha, niliporudi kamba haikuwa tupu. Palikuwa na karatasi moja, penseli, mistari michache: ukingo wa maji, miamba mikali imezunguka, na kitu ambacho sikukielewa upande wa kulia. Nadhani ni Ziwa Ngosi. Dada alikuwa dirishani na mgongo kwangu, anachonga penseli.

"Unaona nini, kaka?"

Nikavuta kiti, nikakaa kuitazama.